Uzi Mwekundu Kwenye Nta

Masama, Hai
Jumapili, tarehe 10 Novemba

Mpendwa kaka Wilbert,

Shikamoo kaka. Naamini unaendelea vizuri na kwamba joto la Dar halikunyimi usingizi. Sisi huku tu wazima. Magoti ya bibi Martha yanamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne utamkuta yuko migombani kama kawaida. Mimi najiandaa na mtihani wa kufunga mwaka.

Huenda umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu wewe huongea haraka, kaka, nami huishia kuomba radhi hata pale ambapo sijakosa. Kwa hiyo nimeandika, na binamu yetu Brenda atakukabidhi mkononi akirudi chuoni.

Unakumbuka Agosti tulivyoshuka Moshi kuchagua gitaa. Ebenezeri, kiongozi wa tarumbeta za vijana hapa usharikani, alikuwa ameanza kuzipiga nyimbo za ibada kwa mtindo wa jazi, akatangaza kwamba Oktoba atatafuta mpiga gitaa mmoja. Bibi aliposikia alisema kama kuna kiti kimoja basi akikalie mjukuu wake, akamuuza mtamba wake, yule mwenye baka jeupe usoni, ili mimi nipate gitaa la umeme.

Dukani kwa mzee Martin yalikuwepo mawili. Ulinifundisha nisichague kwa macho. Ulisema gitaa lenye tundu litapiga mluzi likikaa karibu na spika kubwa, kwa hiyo tulitaka la mbao nzima, na ukaniambia nilipige kwanza bila umeme, sikio likiwa juu ya mbao. Lile jekundu linalong'aa lilinyamaza mapema. Lile la kahawia, lililobanduka rangi, lilitetemeka hadi tumboni mwangu. Kisha tukajaribu pikapu, vile visanduku vya sumaku na waya vilivyo chini ya nyuzi. Za gitaa jekundu zilikuwa na koili, yaani msokoto wa waya, moja moja, zikavuma pamoja na taa ya duka. Za lile la kahawia zilikuwa na koili mbili mbili, hazikuvuma kabisa, na ile ya upande wa shingo, ulipopunguza ukali wa sauti, ilitoa mlio mzito na laini kama mtori wa ndizi. Nilicheka kwa sauti. Ulimwambia mzee Martin kwamba mdogo wako ana sikio ambalo haliuzwi dukani. Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari la hisabati.

Tulilinunua lile la kahawia, halafu ukaomba ubaki nalo siku mbili hapo mjini, ulisafishe na kukaza waya kwa rafiki yako. Uliliwekea nyuzi mpya, ukalileta Jumapili, na Jumatatu ukapanda basi na gitaa lako mgongoni.

Wiki ileile nilikupigia kukwambia kwamba mlio wa shingoni umekuwa mwembamba na unavuma. Ulicheka. Ulisema pikapu haina kosa, vidole vyangu ndivyo bado vya gitaa kavu lisilo la umeme, nifanye mazoezi. Nilikuamini, kaka. Nilifanya mazoezi mpaka ncha za vidole zikachubuka, nikawa naosha vyombo kwa mkono mmoja. Kila vilipouma nilijiambia kwamba kaka anajua.

Siku ya majaribio nilipiga nyimbo zote mbili bila kukosea. Lakini spika ilivuma tangu mwanzo hadi mwisho, na vijana wa tarumbeta wakanong'onezana kwamba dada amekuja na jokofu. Mmoja aliuliza kama lina soda za baridi. Ebenezeri aliwanyamazisha, akaniambia kwa upole kwamba mikono yangu ni mizuri ila sauti ile haiwezi kukaa na tarumbeta. Nilibaki nikijiuliza, kama mikono ni mizuri, kosa liko wapi?

Ndipo nikalipeleka gitaa kwa Sifael, fundi redio wa hapa sokoni. Alifungua skrubu, akainua kile kifuniko cha fedha cha pikapu ya shingoni. Kifuniko kilikuwa kilekile nilichokiona dukani. Chini yake kulikuwa na pikapu iliyojaa nta ya mshumaa, na ndani ya nta kulikuwa na uzi mwekundu.

Nilikuwa darasa la nne ulipoyeyusha mishumaa kwenye sufuria ya uji ya bibi ili uitumbukize pikapu ya gitaa lako la kwanza, iliyokuwa ikilalamika kila siku. Niliinama kuchungulia, mkono wa sweta langu jekundu ukanasa, uzi wake ukabaki ndani ya nta. Bibi alitukimbiza wote wawili kwa mwiko. Ulisema uzi ule utakuletea bahati.

Sifael alisema aliyebadilisha ni fundi kweli, amechomelea vizuri sana. Nilimjibu kwamba ndiyo, ni fundi mzuri.

Kaka, ungeniomba ningekupa. Pikapu ningeisamehe upesi. Kusingizia vidole vyangu ndiko kunakonishinda kusamehe, kwamba ulijua unachokisikia kwenye simu ile, ukanifanya nisiliamini sikio ulilolisifu wewe mwenyewe.

Nami nina la kukiri. Kila Jumapili bibi huniuliza kama mtamba wake ameanza kuimba kanisani. Nimemwambia kwamba Ebenezeri ameahirisha majaribio. Sijawahi kumdanganya bibi kabla ya hapo, na nimefanya hivyo ili kukuficha wewe. Siwezi kuendelea. Ebenezeri amekubali kunisikiliza tena baada ya Krismasi, mlio ukirekebishwa, na bibi anataka kuja kusikiliza.

Ndani ya bahasha utakuta jani la sale, lile la kuombea msamaha, nimelichuma kwenye uzio wetu na kulifunga fundo. Usidhani mimi ndiye ninayeomba msamaha. Nimekutumia kwa sababu huko uliko sijui kama sale inaota, na sikutaka ukose cha kushika. Desemba ukipanda kuja nyumbani kama watu wote, njoo nalo mkononi, pamoja na pikapu yangu. Litakuwa limekauka, lakini nikipewa siwezi kulikataa. Unaijua mila yetu.

Bibi anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri. Wasalimie wenzako wa bendi. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi mdogo wako,
Herieth