Nimebomoa Nyumba Ili Nipate Mkopo wa Nyumba

Mpendwa Bi Biubwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla masika hayajanikuta, maana mimi ni mtu wa Magindu, huku ambako jirani ukimwita asubuhi huitika adhuhuri, na mwaka huu jumbe alitutangazia kwamba serikali itawadhamini watu wa sehemu zenye wakazi haba wapate mkopo wa nyumba za bati, ila hakueleza vizuri nani anastahili, nami sikumwuliza wala sikwenda bomani, nilimwuliza rafiki yangu Kitwana, fundi cherehani wa Mlandizi, naye akaniambia jambo hilo liko wazi, mkopo wa nyumba hupewa asiye na nyumba, kwani aliyeshiba hapakuliwi.

Basi mimi nyumba nilikuwa nayo, ya miti na udongo na makuti, mke wangu Mwanahalima ndiye aliyeikandika kwa mikono yake akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nayo haikuvuja hata siku moja, na alipokwenda Kisarawe kwenye arusi ya mdogo wake nikaibomoa, nikidhani atarudi akute mafundi wanapigilia bati, lakini alirudi akanikuta nimekaa juu ya kinu, akalitazama lile lundo la udongo, hakulia wala hakunitukana, akaniuliza tu, "Ulinipa habari?" Nikasema hapana. Akawachukua watoto akarudi Kisarawe kwa wazazi wake.

Nikaenda bomani. Karani akaniuliza nakaa wapi, nikasema Magindu, akaniuliza nyumba yangu iko sehemu gani ya Magindu, nikamweleza kwa fahari kwamba nimekwisha kuibomoa, akaweka kalamu chini, akaniambia kwa upole, "Mkopo huu ni wa wakazi wanaotaka kutengeneza nyumba walizo nazo. Wewe huna nyumba, basi si mkazi. Ni mpita njia."

Sasa nalala kwa dada yangu Mwanaasha, mjane, na Kitwana amenishauri tena, anasema niwaambie bomani kwamba nyumba ya dada ni yangu, na dada mwenyewe amekubali kwa kunihurumia, ila nimesikia nyumba hiyo ndiyo itakayowekwa rehani, nami usingizi siupati. Nifanyeje?

Mwishehe, Magindu

JIBU

Marahaba, mwanangu Mwishehe. Pole sana. Haya, pole nimekwisha kukupa, sasa tuzungumze.

Watu hukopa, wakashindwa kulipa, ndipo wakapoteza nyumba. Wewe umefupisha safari, umeipoteza kabla ya kukopa. Kitwana simlaumu sana, mtu wa cherehani huona kila kitu kinafaa kufumuliwa kwanza. Lakini kama angekwambia mkopo hupewa wajane, nadhani tungekwisha kukuzika ili Mwanahalima astahili.

Na serikali nayo nisiiache. Imetangaza neema kwa watu wa mbali, kisha masharti yake ikayaweka karibu na karani. Hata hivyo, jasho ulilolitoa kubomoa kuta lingekufikisha bomani na kukurudisha, na nyumba ungeikuta imesimama.

Nyumba ya Mwanaasha usiiguse, hata kwa ulimi. Dada aliyekubali kwa huruma hajakupa nyumba, amekupa huruma tu. Ukishindwa kulipa, mtakuwa wapita njia wawili. Na ukigunduliwa unadanganya, serikali itakupa nyumba ya bati bila mkopo, yenye mlango wa chuma, na huko hawaulizi kama wewe ni mkazi.

Sasa sikiliza. Kabla ya kukata hata fito moja, nenda Kisarawe. Waamkie wakwe zako, kaa utakapoonyeshwa, hata pakiwa juani. Ukipewa nafasi ya kusema na mkeo, usimweleze habari za bati, wala za karani, wala za Kitwana. Yule mama hakukuuliza nyumba imekwenda wapi, macho anayo. Alikuuliza kama ulimpa habari, nawe ukajibu kweli, na hilo ndilo neno pekee la akili nililoliona katika barua yako yote. Mwombe radhi kwa hilo. Kisha nyamaza, hata kama kunyamaza ni kazi ngeni kwako.

Akikubali kurudi, mwulize anataka nyumba isimame wapi na iweje. Waite jirani zako, hata wakiitika adhuhuri, mjenge kwa miti na udongo kabla mvua hazijaanza, na safari hii kukandika ukandike wewe, yeye akae kivulini akuonyeshe ulipokosea. Ikishasimama na mkihamia, nendeni bomani wote wawili, na maswali aulize yeye. Akisema mkopo autaka, uombeni. Akisema hautaki, basi hamuutaki, na mabati utayatazama kwenye nyumba za wenzio.