Onyo la Draiva na Maji ya Korongo

Jumamosi, 22 Machi 2025

Leo nimeapdeti kompyuta ya shule ninayofundisha, mfumo wake mzima wa Linux. Ikawaka vizuri. Halafu nikaona onyo: kerneli mpya, kiini cha mfumo, inalalamikia draiva, programu inayoendesha kipokezi, kale kaboksi ka USB kanakopokea vipimo vya maji kutoka korongoni, huko juu mlimani. Vipimo vinaingia, ila vinakatika. Nitaangalia Jumatatu. Mvua imeanza.

Jumatatu, 24 Machi

Onyo bado. Nimechomoa kipokezi, nimebadilisha waya, nimekihamishia tundu jingine. Wapi.

Kwenye skrini kina cha maji kinapanda, kinakatika, kinarudi kikiwa juu zaidi. Ni maji au ni draiva? Sijui, na hilo ndilo linanisumbua. Kikigusa mstari mwekundu tunagonga kengele, na kaya zote za huku chini zinapanda kuhamia madarasani. Ndivyo tulivyokubaliana baada ya tope la mlimani kuzika nyumba kule Katesh.

Mzee Sulle, mwenyekiti wa kijiji, alikuja na gambuti zimejaa udongo. Nikamwamkia, nikamweleza kuhusu onyo.

"Kwa hiyo inadanganya?"

Nikasema sina hakika. Akasema watu wakikimbizwa bure kwenye mvua hii, siku nyingine hawataitika. Tusubiri.

Jumanne, 25 Machi

Daku sikula. Maji tu.

Asubuhi nikampigia Joakimu, fundi wa mradi, yuko Babati. Kerneli ya zamani haijafutika, akasema. Niwashe upya, niichague yenyewe. Nikaichagua. Ikawaka. Onyo hakuna. Vipimo vinaingia bila kukatika hata kimoja.

Nilitaka namba ishuke. Haikushuka. Imegusa mstari mwekundu.

Mzee Sulle hakuuliza mara mbili. Kengele ameigonga mwenyewe.

Mimi nikamfuata Bibi Kornelia, jirani yangu, nyumba yake iko ukingoni kabisa mwa korongo. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ile mashine yako mbovu ndiyo inanitoa kwangu?"

"Imepona, bibi."

"Lini?"

"Leo."

Akanitazama weee. Akamaliza ungo wake, akajifunika kanga, tukapanda.

Jumatano, 26 Machi

Madarasa yamejaa. Watoto, mbuzi, masufuria, moshi. Mvua haijapumzika tangu jana.

Sasa hivi kina kimeshuka ghafla. Zaidi ya nusu! Mtu amechungulia skrini, akatangaza maji yameisha, na watu wameanza kufunga mizigo. Nimetafuta onyo — hakuna. Draiva inafanya kazi. Kipimo ni cha kweli. Nikampigia Joakimu kumshukuru, nikamweleza kina kilivyoshuka.

Akauliza kama mvua imeacha. Nikasema inanyesha vilevile.

"Basi hayajaisha, madam. Udongo umeporomoka huko juu ukaziba korongo, maji yanajaa nyuma yake. Ukiachia, yatashuka yote kwa pamoja. Mtu yeyote asirudi nyumbani."

Nimemwambia mzee Sulle. Amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo, wanabishana naye. Wanasema namba wameiona kwa macho yao.

Hapa dirishani namwona Bibi Kornelia. Alishatoka kabla mzee hajaziba mlango. Anashuka taratibu kwenye utelezi, peke yake, ameshafika kwenye kona. Nimemwita. Mvua imemeza sauti.

Naacha hapa. Namfuata