Mama Yetu Namalwa, Aliyefutwa Kazi kwa Ajili ya Sakafu Isiyokauka

Umetimia mwaka sasa, Mama, tangu presha ikuchukue Jumanne ile asubuhi hapa Waithaka, ukimsuka binti yako Nanjala nywele kabla hajaenda chuoni. Watu wanatuambia tutapoa. Hatujapoa. Tuvumilie, maana upole wote wa nyumba hii uliondoka nao wewe.

Miaka kumi na tisa ulipiga deki wodi moja katika hospitali ile ya watoto ambayo jina lake hatutaki lichafue tangazo hili la kumbukumbu yako. Madaktari waliwajua watoto kwa nambari za vitanda. Wewe uliwajua kwa majina, ukajua nani anaogopa sindano na nani halali bila leso ya mamake. Ulirudi nyumbani ukitusimulia habari zao mpaka chai inapoa, kisha ukamlaumu mumeo, Baba Tobias, kwamba chai ni baridi.

Sheria ya pale ilisema kufika saa kumi na mbili jioni kila mama awe nje ya geti, mtoto awe hoi asiwe hoi. Sheria nyingine ilisema hakuna kukanyaga sakafu kabla haijakauka. Wewe ulizikutanisha. Saa kumi na moja na nusu ulianza kupiga deki pale mlangoni, na sakafu ikikaribia kukauka uliona doa, ukamwaga maji upya. Kina mama wakakwama kando ya vitanda vya watoto wao, tena kwa kutii sheria. Wengine walikwama mpaka mtoto akapata usingizi.

Matron wenu, Bi. Mbithi, alipogundua alikusimamisha mbele ya wauguzi. Alisema watoto wanalia kwa sababu ya mama zao, na mama akishaondoka mtoto hunyamaza.

"Matron, hao hawanyamazi," ulimjibu. "Wanachoka tu."

Ukapewa onyo. Wiki iliyofuata Faizan, mtoto wa miaka minne mwenye nimonia, alikuwa anaung'oa mpira wa oksijeni kila anapowekewa, anamwita mamake. Muuguzi alikuwa mmoja kwa watoto thelathini. Zeenat, mamake, alikuwa nje chini ya dirisha, anasikia kila kitu. Ulitoka ukamshika mkono, ukampitisha mlango wa nyuma wa kutolea nguo chafu. Akampakata mwanawe, na mpira ukakaa. Asubuhi mtoto alikuwa hai, nawe ukapewa barua ya kufutwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Hiyo ilikuwa 2004. Miaka mitatu iliyokubakia uliwafulia watu nguo Kileleshwa, na hukuwahi kuwatukana waliokufukuza. Tuliwatukana sisi kwa niaba yako.

Siku hizi eti wameerevuka. Wameweka viti vya wazazi kando ya vitanda, wamejenga na chumba cha kina mama kupumzikia, na wageni hupelekwa kuvitazama. Mwezi jana Bi. Mbithi alikuja hapa na keki, akakalia kiti chako. Alituhubiria kwamba sasa hospitali haiamui jambo lolote la mtoto bila kuiuliza familia yake. Kisha akaomba picha yako itundikwe katika chumba hicho, nacho kipewe jina lako, kwa kuwa ulikuwa fahari yao. Mwanao Tobias alimuuliza kama ile barua ya kukufuta kazi itaondolewa kwenye faili yako. Akasema hilo ni gumu, mambo ya faili ni ya ofisi.

Hatutakudanganya, Mama, tulikitaka chumba hicho. Nanjala alilia, alitamani watu walisome jina lako. Lakini hatuwezi kukuacha uwe fahari ukutani na mtovu wa nidhamu kabatini, katika jengo lile lile. Baba Tobias alisimama akamrudishia keki yake, haijakatwa.

"Madam, umesema siku hizi mnauliza familia," akamwambia. "Basi familia imeulizwa. Imekataa."

Unakumbukwa na mumeo Mzee Oloo, wanao Tobias na Nanjala, ndugu zako wote wa Webuye, na Zeenat wa Parklands pamoja na Faizan, ambaye sasa ana miaka minane na anabishana na kila mtu.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Na wao pia hatutawasahau.