Kengele za Mashine ya Ndege

Malindi,
14 Septemba 1986

Kwa umbu langu mdogo, Zeina,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji yangu na watoto katika afya njema, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Huku sisi tu wazima, isipokuwa ndugu yetu Abdurahman, ambaye hali yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Koili ya umeme ya ile mashine ya gololi ya ndugu yetu, uliyoipata kwa Ndirangu, yule fundi wa mashine za michezo huko Mombasa, ilifika salama, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya kanga. Nakushukuru. Wifi yako Khamisa aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati pamoja na dawa za mumewe Abdurahman.

Mashine yenyewe unaijua, lakini hujaiona tangu ndugu yetu alipopooza. Aliichukua kutoka hoteli moja ya ufukweni ilipofungwa, wakati angali fundi wa ndege ndogo hapa uwanjani. Bado imeegemea ukuta wa ukumbi: gololi ya chuma inarushwa, inagonga vigingi, kengele zinalia, na taa za ile ndege nyekundu iliyochorwa kwenye kioo zinapanda moja moja hadi mawinguni. Abdurahman alikuwa akiwaambia wageni kwamba aliyeichora hakuwahi kuiona ndege, na kwamba rubani wake angeanguka Mambrui kabla ya kuiona Lamu. Niliwahi kumwambia kwamba mtu mzima hachezi gololi. Akanijibu kwamba mwalimu mstaafu naye hasahihishi magazeti kwa wino mwekundu.

Tangu apooze hasemi wala hainui mkono. Lakini Khamisa alipoicheza mashine mara ya kwanza, niliuona mdomo wa ndugu yetu ukipanda upande wa kushoto, nikamwambia mkewe. Basi ikawa desturi ya nyumba. Kila baada ya sala ya alasiri Khamisa hucheza, nami huketi mbele ya mgonjwa nikiutazama uso wake, kwa sababu mchezaji humpa mgongo, na mikononi mwangu gololi huzama kabla ya kugonga kitu. Huniuliza bila kugeuka kama ametabasamu.

Mwezi wa Julai kengele zilinyamaza. Tsuma, fundi wa redio kutoka Magarini, aliifungua mashine akakuta vile vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme vimegandwa na mafuta na vumbi, na koili moja imeungua. Akauliza ni nani aliyeipaka mafuta. Khamisa akakiri. Wewe wajua kwamba huku kila chuma hupakwa mafuta ya nazi, kisiliwe na chumvi ya bahari: panga, cherehani, hata bawaba za milango. Alitaka mashine ya mumewe idumu. Tsuma akamtania kwamba imebaki kuitia bizari tu, naye akatoka ukumbini akilia. Tangu siku hiyo alimlisha na kumwogesha mumewe bila kumtazama usoni, akisema kwamba furaha moja iliyombakia ameizima kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyopita Tsuma alisafisha kila kipande, akatia koili yako. Kengele zote zililia. Ndege ikapanda hadi mawinguni, jambo ambalo hata Abdurahman mwenyewe hakulipata mara nyingi. Khamisa akaniuliza bila kugeuka.

Zeina, sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mashine ilipokuwa kimya, niliendelea kuketi na ndugu yetu wakati ule ule. Siku moja mdomo ukapanda. Hapakuwa na kengele, wala hapakuwa na mtu aliyesema neno. Kesho yake ukapanda tena, akiwa amelala usingizi. Nilimwuliza daktari, akaniambia kwamba ni msuli unaojivuta wenyewe, na kwamba mgonjwa hasikii kengele, hatusikii sisi, wala hatarudi. Na siku kengele zilipolia upya, mdomo haukupanda kabisa. Macho yake yalikuwa darini.

Nilimjibu Khamisa kwamba ametabasamu.

Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Akashusha pumzi, akarusha gololi nyingine. Jioni ile alimlisha akimtazama usoni. Nami tangu hapo huketi pale kila alasiri nikirudia maneno yale yale, wala sioni mwisho wake isipokuwa mmoja.

Utakapokuja kwa Maulidi utawekwa kwenye kiti changu, kwani Khamisa amekwisha kusema kwamba mgonjwa akimwona dada yake atachangamka zaidi. Utaulizwa. Nakuomba ujibu upesi, wala usimtazame ndugu yetu kwa muda mrefu kabla ya kusema.

Msalimie sana shemeji yangu, na watoto uwahimize masomo yao. Khamisa anakusalimu, naye amesisitiza nikuandikie kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Wasalaam,
kaka yako,
Farjallah