Mchanga Badala ya Mota

Jumamosi, mwisho wa Oktoba. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno, na mvua bado imegoma. Nina hasira, na sitajifanya nimeshaimeza.

Nianze na yule muuzaji wa Nairobi. Darubini yangu hukaa juu ya stendi yenye mota. Kazi ya mota hiyo ni moja tu: kuizungusha darubini polepole kufuata nyota inavyohama angani, ili unachokitazama kisikukimbie. Haikumaliza hata mwezi. Ikaanza kutoa sauti ya mtu anayetafuna mahindi makavu, ikarukaruka, ikazima. Nilipompigia simu aliniambia nisithubutu kuifungua, nimrudishie, itapelekwa ilikotoka, ningoje miezi mitatu au minne. Jioni akanitumia ujumbe: "Pole kwa usumbufu, dada."

Usumbufu!

Sina miezi mitatu ya kungoja. Mwaitu, mama yangu, ana presha ya macho. Pembeni kote kumeshaingia giza. Amebaki na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kila tunapoenda kliniki lile tundu limepungua. Daktari alitwambia wazi kwamba dawa zinachelewesha, haziponyi. Halafu mvua ikianza, mawingu yatavifunika vilima vyetu vya Machakos kwa wiki na wiki. Mbingu ikifunguka tena, atakuwa amebaki na nini?

Yeye anataka kuona kitu kimoja, Zohali. Nilipokuwa darasa la tano nilimwonyesha picha yake kitabuni, sayari na pete zake. Akaiita nyota ya kofia, akacheka, akasema walimu wanatudanganya. "Siku nitaiona na macho yangu ndio nitaamini." Amelirudia neno hilo miaka yote, hata nilipopata kazi kiwandani Athi River na kuanza kuweka akiba ya darubini. Ndiyo sababu niliinunua. Wengine wananunua ploti.

Mota inahitajika kwa sababu jicho la Mwaitu linachukua muda. Anainama, anatafuta, anapoteza, anatafuta tena. Bila mota, kabla hajaifikia, Zohali imeshatoka kwenye kioo.

Jumamosi iliyopita nilijaribu kuisukuma kwa mkono. Nililenga, nikamwita, akaweka jicho. Baada ya muda akasema, "Nimeiona. Iko tu vile ile ya kitabu." Alitabasamu, akanipigapiga begani. Nilipochungulia mimi, hapakuwa na kitu. Weusi mtupu.

Alinidanganya ili nisiumie. Sijawahi kukasirika hivyo, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Kisha nikampata wa kumkasirikia. Kaka yangu Mutuku, anayeishi Syokimau, alipiga simu Jumapili nikamweleza. Akasema, "Aah, Mwende, achana na hiyo kitu. Mathe hata haoni. Muonyeshe picha kwa simu, ataona ni hiyo hiyo." Nilimkatia. Nani kamwambia haoni? Amebakiwa na tundu, na darubini yenyewe si tundu tu? Ni kitu pekee duniani ambacho Mwaitu anaweza kukitazama bila kukosa chochote.

Basi niliifungua stendi. Muuzaji na aje anikamate. Ndani nilikuta gia ya plastiki, ndogo kama kifungo cha shati, imeng'oka meno. Mashine yote ile ya chuma, uzito wa mbuzi, na imetegemea kifungo! Niliyabandika meno kwa gundi. Yakang'oka. Nikabandika tena. Yakang'oka tena.

Nikaamua kuitupilia mbali mota, nitafute kingine cha kuvuta. Nilifunga mpini wa jembe kwenye ekseli ya stendi, nikafunga kamba kwenye mpini, nikaipitisha juu ya kapi na kuning'iniza jiwe. Jiwe likishuka, darubini inageuka. Shida ni kulishusha polepole. Nililiweka juu ya ubao unaoelea ndani ya ndoo ya maji iliyotobolewa chini. Lakini ndoo ikiwa imejaa, maji hutoka mbio; yakipungua yanachuruzika kwa uvivu, na Zohali haijui habari ya uvivu. Niliipiga ndoo teke. Mwaitu akauliza kutoka jikoni kama ng'ombe ameingia.

Jibu nililipata Alhamisi, stoo. Panya walikuwa wametoboa gunia la ndengu, na ndengu zilikuwa zinamwagika kwa mwendo mmoja, hazina haraka wala kuchoka, ingawa gunia lilikuwa limeshapungua nusu. Nilisimama nikiziangalia mpaka Mwaitu akanifokea kwa nini sizibi.

Nikashuka mtoni. Mto wetu saa hizi ni mchanga mtupu, na mchanga ndio niliotaka. Nimeuchekecha, nimeukausha jikoni kwenye sufuria ya ugali (nimetukanwa kwa hilo), nimeujaza kwenye jerikeni lililokatwa juu, jiwe likakaa juu yake. Chini nimetoboa tundu na kuchomeka kijibomba cha kalamu ya biro. Siku mbili nimehangaika na vijibomba. Hiki kinapitisha haraka, hiki kinaziba. Cha leo kimekubali.

Saa moja na nusu jioni nilimkalisha Mwaitu kwenye kigoda, nikalenga, nikaachilia mchanga. Akaweka jicho, akaanza kutafuta. Nilijizuia nisimharakishe.

"Haiko," alisema.

Nilitaka kulipiga teke jerikeni.

"Ngoja." Akasogeza kichwa kidogo. "Aiya! Mbona hii imesimama?"

"Nini imesimama?"

"Hii kofia! Ile ya kitabu yako ilikuwa imelala. Hii imesimama hivi." Akainua kiganja wima hewani, jicho likiwa pale pale.

Sikuwa nimemwambia. Waliochora kile kitabu wanakaa mbali na ikweta. Huku kwetu, Zohali ikipanda kutoka mashariki, pete zake husimama wima. Mwaitu hangeweza kulibuni hilo ili kunifurahisha.

"Na hao walimu walikuwa wanalipwa mshahara?" alisema, kwa hasira kabisa, na mimi nikalia.

Alitazama mpaka jiwe likagusa chini. "Imeanza kuenda," akasema. "Ongeza mchanga." Mchanga mkavu ulikuwa umeisha. Hakuondoka kwenye kigoda, ilibidi nimbembeleze ale.

Kesho baada ya misa nateremka mtoni na majerikeni mawili. Nimechungulia nje sasa hivi: mawingu yamejikusanya upande wa mashariki. Majirani wametoka kuyatazama, wanashukuru. Shamba letu pia limelimwa, linangoja. Ukambani nzima inaomba mvua, nami nimepiga magoti kando ya kitanda kuomba ichelewe siku moja.

Mungu akitaka kunikasirikia, na anikasirikie. Lakini kesho kutwa.