Pasi Mbili, Globu Moja

Jumapili, 1 Septemba 1946
Pasi ya stima! Baharia Mmarekani kanipa, nami nikampa kofia yangu ya viua. Likoni nzima imekuja kuitazama — na Likoni stima hatuna. Haidhuru. Nitapigia kanzu ya harusi Unguja, mbele ya wakwe. Bi Mwanarusi, mamake Dhahabu, bado ananung'unika kuwa bintiye anaolewa na mtu wa shamba, ng'ambo ya feri. Hajapata kunitumia hata salamu. Ataona! Nimeshamwandikia Mwinyihaji, kakake Dhahabu, kuwa bwana harusi atajipigia pasi mwenyewe. Nikamwuliza pia: kwao tundu la stima, la kuchomekea pasi, liko chumba gani?

Alhamisi, 5 Septemba
Kombe, fundi wa stima bandarini, amecheka mpaka akakaa chini. Pasi ni ya volti mia na kumi. Stima ya Unguja ni mara mbili. Utaoa na kanzu ya majivu, asema. Dawa yake: pasi ya pili kama hii, ziungwe kwa waya mmoja, zigawane volti. Ukichomoa moja, zote zinazima. Ukiwasha moja peke yake, inaungua.

Jumamosi, 7 Septemba
Baharia kapata kofia ya pili, nami pasi ya pili. Kwa Kombe bandarini zimewaka, wallahi!
Jibu la Mwinyihaji: tundu hakuna. Nyumba nzima ina globu moja, nayo iko chumba cha wanawake. Lo! Kombe kasema tutatoa globu, waya wa pasi uingie mahali pake; ila kichwa cha globu ni cha kusokota au cha kubana? Nitajuaje! Kanitengenezea vyote viwili.

Jumatano, 11 Septemba
Melini. Natapika. Pasi salama.

Ijumaa, 13 Septemba
Unguja. Kichwa cha kubana kimeingia! Lakini waya mfupi: pasi moja imebaki ndani kwa wanawake, ya pili nje ya pazia, kwangu. Nikapiga mgongo, kifua, mkono wa kulia. Raha! Kumbe Bi Mwanarusi naye kule ndani anapiga buibui lake. Mwinyihaji akatoka: mama anashukuru sana kwa zawadi. Zawadi! Nikasema si kitu.
Mara pasi yangu ikapoa. Bi Mwanarusi kachomoa yake, kaenda kumwonyesha jirani, Mwanakheri. Shehe wa kufungisha ndoa yuko barazani, ananiita, na kanzu yangu mkono wa kushoto makunyanzi matupu. Nangoja, naandika.
Karudi. Na kasema nami mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nyuma ya pazia:
"Mwanangu, hiyo yako ukimaliza, nipe nimpelekee Mwanakheri. Naye ana globu kwake."
Mwanangu! Machozi yamenilenga, sioni haya kusema.
Nikaitika, "Naam, mama."
Sasa shehe ananiita mara ya pili. Mkono wa Bi Mwanarusi umetokeza chini ya pazia, hina mpya, unangoja. Nami nimeikumbatia pasi. Volti nitamwelezaje mama mkwe, leo, baada ya neno lile?