Jumanne wa Chanzuru Bado ni Jambazi

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ningeanza bila salamu ungenifinya sikio hata kutoka huko.

Tangu tukuzike, banda lako la video limepoa. Mimi ndiye nashika maiki sasa, natafsiri sinema kama ulivyonifundisha: lugha hujui, basi tazama sura na useme kitu. Ila watu wanasema sina chumvi yako. Mama naye aliamua banda liwe ghala la mpunga wa Tindiga. Roho iliniuma, Baba.

Wiki iliyopita wakaja watu wa tamasha la filamu. Walitoka kuonyesha Mikumi, wakaomba banda letu kwa mchana mmoja. Sinema za nchi mbalimbali, nikajua hapa ndipo pa kuliokoa. Kilosa nzima ikajaa. Mama alikaa nyuma, anapima kwa macho magunia yatapangwa wapi.

Baba, sinema gani zile! Hakuna ngumi, hakuna bunduki. Ya kwanza, mzee wa nchi ya barafu anamtazama farasi. Anamtazama tu. Farasi naye anamtazama. Nikashika maiki: "Huyu ni Jumanne wa Chanzuru, anafikiria kumwiba." Maana kwako kila jambazi alikuwa Jumanne wa Chanzuru, mpaka Jumanne mwenyewe akaja kulalamika, ukampa kiti cha mbele. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti hichohicho, akapiga makofi kuliko wote. Mgeni wa tamasha akaninong'oneza, "Dada, ule ukimya ndiyo sinema yenyewe." Nikamwambia hapa Kilosa ukimya haukatiwi tiketi.

Ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja, sijui wa nchi gani. Kila asubuhi anamimina chai vikombe viwili, anakunywa kimoja. Basi. Nikasema, "Bibi ana mgeni, mgeni kachelewa basi." Watu wakacheka. Kesho yake tena vikombe viwili. Nikaishiwa maneno. Wakaanza kupiga kelele, "Tafsiri! Tafsiri!"

Mama akainuka kule nyuma, akaja akaninyang'anya maiki.

"Hana mgeni huyo. Mumewe amekufa. Anajua kabisa amekufa, ila mkono bado haujaambiwa."

Jumanne akavua kofia. Mama akaendelea kutafsiri hadi mwisho, taratibu, bila kukosea hata mahali pamoja, nami nikalia mbele za watu.

Walipotoka akanirudishia maiki. "Mpunga utatafutiwa pengine," akasema.

Pumzika, Baba. Nakuahidi banda halitafungwa, na Jumanne hataachiwa huru, mwenyewe kaomba. Usihofu pia kuhusu kikombe chako cha asubuhi. Mama bado anakimimina, nami nakinywa kabla hakijapoa.

Binti yako,
Tatu